Mji Usio na Mto

Ewe msomaji, ukiamriwa kuchagua mahali pa kujenga mji, bila shaka utatafuta mto kwanza. Uqba ibn Nafi hakufanya hivyo. Mwaka 670 aliweka kambi yake Kairouan, katika nchi iitwayo leo Tunisia, kwenye uwanda mkavu ulio mbali na bahari yapata kilomita 50. Alikuwa na sababu. Merikebu za dola ya Byzantium zilitamba pwani, na milimani walikaa Waberiberi wasiomtii. Akataka mahali ambapo adui wa upande wo wote hawezi kumjia kwa ghafula. Usalama aliupata, ila kiu aliwaachia waliomfuata.

Mvua ya huko ni chache, kama milimita 300 kwa mwaka, tena hunyesha kwa vishindo. Bonde lililokuwa kavu asubuhi huweza kufurika jioni, kisha likakauka tena. Kwa hiyo taabu ya watu wa Kairouan haikuwa uhaba wa maji peke yake. Maji yalipokuja, yalikuja yote pamoja, nayo ni machafu.

Katika karne ya tisa Amiri Abu Ibrahim Ahmad, wa ukoo wa Aghlab, alijengesha nje ya mji mabirika mawili yaliyoungana. Birika dogo lina upana wa mita 37 hivi. Kubwa lapata mita 128, na kina cha karibu mita 5. Kwa nini mawili? Teka maji ya mto wakati wa mafuriko, uyaache mtungini usiku kucha. Asubuhi utakuta tope limekaa chini. Hiyo ndiyo kazi ya birika dogo. Maji yaliingia humo kwanza, yakatulia, kisha yakapita katika tundu lililo juu ukutani, wala si chini, yakamiminika katika birika kubwa. Kutoka huko yalikwenda kwenye matangi yaliyofunikwa, na hapo watu waliteka.

Yasimuliwa kwamba amiri alipokuwa mgonjwa aliuliza kila mara kama maji yamefika. Akaletewa kikombe, akanywa, na haukupita muda akafa. Pengine hadithi imetiwa chumvi. Lakini kweli alikufa mwaka 863, kazi yake ikiwa mpya.

Mimi hupendezwa zaidi na ua wa Msikiti Mkuu wa mji huo. Ua wote ni mtego wa mvua. Sakafu imeinama kidogo kuelekea bamba la marumaru lenye vishimo vilivyochongwa kwa ngazi, ili maji yapunguze mbio na kuacha vumbi kabla ya kushuka katika tangi lililo chini ya miguu ya watu. Juu ya tangi kuna visima vyenye kingo za marumaru, na kingo hizo zina mifereji myembamba, mirefu kama kidole. Hakuna fundi aliyeichonga. Imekatwa na kamba za wateka maji, zilizopita papo hapo siku baada ya siku kwa karne nyingi.