Nguvu za Redio Chini ya Uluguru

Miongoni mwa watu waliotekwa na mapenzi ya redio ya ridhaa, yaani wale wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya raha na maarifa bila ya kutaraji ujira, hapana mjadala uliodumu kama ule wa amplifaya: inunuliwe ipi, ya wati ngapi, ya valvu au ya transista, na je, faida yake italingana na gharama? Aghalabu mjadala huo huendeshwa kana kwamba kila mwenye mtambo amekaa ufukweni, mbele yake bahari tupu. Lakini mtu akaaye Morogoro, akatoka sokoni na kuinua macho, na kuiona Lupanga, kilele cha safu ya Uluguru, imesimama mita 2,138 juu ya usawa wa bahari ilhali mji wenyewe umelala kwenye mita 500 hivi, ana sababu ya kuanza na swali jingine kabla ya kuuliza bei ya wati. Na historia ya simu ya upepo katika nchi hii, kwa rai yangu, yaonyesha kwamba nguvu za mtambo tangu awali zilipewa taadhima kubwa kuliko zilivyostahili.

Waliotangulia kuziamini ni Wadachi, yaani Wajerumani. Kabla ya vita vya 1914 walikwisha kujenga vituo vya simu ya upepo Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam, na azma yao ilikuwa kuyafunga makoloni yao na kituo kikuu cha Nauen, karibu na Berlin, kwa kupitia mtambo mkubwa wa Kamina katika nchi ya Togo. Elimu ya zama zile, tangu Marconi alipotangaza kwamba amesikia ishara iliyovuka Atlantiki tarehe 12 Desemba 1901, ilishika kuwa safari ndefu yataka wimbi refu, na wimbi refu lataka minara mirefu na mashine za umeme zenye ukubwa wa kutisha. Ila mnara wa namna hiyo hauna pa kujificha. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikielekezea mizinga kituo cha Dar es Salaam, na mwezi ule haujesha Wadachi wenyewe wakakivunja kile cha Kamina kisije kikaingia mikononi mwa adui.

Gavana Schnee alihamishia serikali yake Morogoro, mji uliofikiwa na reli mwaka 1907, na tangu hapo koloni zima likawa katika hali ya ajabu: wapokezi wao huko bara waliweza, hali ya anga ikiruhusu, kuzinasa habari za Nauen, lakini hawakuwa na mtambo wa kurudisha jibu hata kwa neno moja. Masikio yalikuwapo, kinywa kimeondoka. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts yakaingia Morogoro, na Wadachi wakashika njia za kusini, wakizunguka Uluguru kuelekea Kisaki. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Novemba 1917, merikebu ya angani L59 iliondoka Jamboli katika Bulgaria ikiwa imesheheni dawa na silaha za jeshi la Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wadachi katika koloni. Ilipokuwa juu ya Sudani ikaletewa amri kwa simu ya upepo irudi ilikotoka, ikarudi, baada ya kukaa angani saa 95. Nguvu za Nauen ziliweza kuirudisha merikebu kutoka katikati ya Afrika, lakini yule aliyekuwa akipelekewa shehena hakuwa na njia ya kusema bado anaihitaji.

Wakati huo huo watu wa ridhaa, ambao hakuna dola iliyowahesabu, walikuwa wametupiwa makombo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwafungia katika mawimbi ya mita 200 na chini yake, kwa kuwa wataalamu waliyaona hayafai kwa safari ndefu. Novemba 1923 Mfaransa Léon Deloy, akiwa Nice, na Mmarekani Fred Schnell, akiwa Connecticut, wakazungumza kwa ishara kuvuka Atlantiki kwa wimbi la karibu mita 100, na mitambo yao ikiwekwa kando ya ule wa Nauen ilikuwa kama kibatari kando ya mnara wa taa. Siri ikadhihirika: wimbi fupi hupanda juu, likalifikia tabaka la ionosfea, na tabaka likalirudisha chini maelfu ya kilomita kutoka lilikoanzia.

Katika enzi ya Waingereza vituo vya ridhaa vya Tanganyika vilitambulikana kwa herufi VQ3, na vya Unguja kwa VQ1; baada ya uhuru ikaja 5H3. Vilikuwa vichache, na uchache huo ulikuwa neema, kwani kituo adimu hutafutwa na dunia nzima, na anayetafutwa hahitaji kupiga kelele. Hata hivyo tamaa ya nguvu haikukosekana. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 masalio ya majeshi yaliuzwa kwa bei nafuu, na valvu kama ile ya 813, iliyokuwa ikiendesha mitambo ya jeshi, ikaingia katika vyumba vya watu binafsi, ikitaka volti elfu mbili hivi ili ifanye kazi, yaani umeme usiompa mkosaji fursa ya kukosea mara ya pili.

Ilipoenea namna mpya ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi, katika miaka ya 1950 na 1960, amplifaya ikadaiwa sharti la ziada: iikuze sauti pasipo kuipotosha, kwa maana ikisukumwa kupita kiasi chake sauti hutapakaa na kuwaudhi majirani wa masafa. Hapa ndipo hesabu inapomhukumu mnunuzi. Kupanda kutoka wati 100 hadi 1,000 ni mzigo mkubwa wa fedha, uzito na joto, lakini kwenye mita ya msikilizaji sindano husogea pungufu ya alama mbili, kwa kuwa kila alama yataka nguvu mara nne. Alama mbili si haba pale sauti inapokaribia kuzama katika mikwaruzo. Kwingineko ni fahari tu.

Na kwa mtu wa Morogoro mlima huiondoa hata fahari hiyo. Ukisimama katikati ya mji, kilele cha Lupanga kinaziba upande wa kusini-mashariki kwa zaidi ya nyuzi kumi juu ya upeo, na mawimbi yanayokwenda mbali mno ndiyo hasa yale yanayotoka yakiwa chini, karibu na ardhi. Kilowati nzima ikielekezwa kwenye mwamba huishia mwambani. Kinyume chake, antena ya waya iliyofungwa chini kiasi, katika masafa ya mita 40 au 80, huyarusha mawimbi karibu wima, nayo yakarudi kama mvua ya mawimbi juu ya mkoa mzima, yakaanguka Matombo upande wa pili wa safu, na Mgeta vilevile, bila ya kuujali mlima. Misheni, hospitali na ofisi za wilaya za Tanzania zilifaidi sana tabia hii ya mawimbi kabla ya simu za mkononi, kwa chombo walichokiita redio kolu, chenye wati 100 au pungufu, kikiendeshwa kwa betri ya gari. Ni chombo kisicho na majivuno, na sidhani kuna amplifaya iliyopata kuitumikia nchi hii kwa kiasi hicho.

Kwa mawimbi mafupi zaidi, yaendayo kwa mstari kama nuru, mlima ule ule uliokuwa ukuta ukageuzwa ngazi. Juu ya kilele cha Bondwa, katika safu hiyo hiyo ya Uluguru, kwenye mita 2,100 na zaidi, imesimamishwa minara ya mawasiliano, na sababu yake ni hesabu nyepesi: kutoka kimo hicho upeo wa redio hufika karibu kilomita 190, na Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, iko karibu kilomita 180. Mtambo wa wati chache huko juu huwafikia watu ambao mtambo wa kilowati uliowekwa bondeni hauwafikii kamwe.

Leo valvu zinaachia nafasi transista, na amplifaya ya kilowati hubebwa kwa mkono mmoja. Anayetaka kuinunua Morogoro na aitazame kwanza nyaya za umeme wa nyumba yake, maana chombo hicho chaweza kunywa wati 2,000 au zaidi kila mtu asemapo, na umeme unapopungua nguvu, nacho hupungua. Kisha atazame kiwanja. Akiwa Kihonda, mbali kidogo na miguu ya mlima, Lupanga hushuka hadi nyuzi saba au nane hivi, na mlingoti mrefu wa mita chache zaidi, uliofungwa vyema dhidi ya radi za masika, humpa alichokusudia kukinunua, tena kwa usikivu pia, jambo ambalo hakuna amplifaya iwezayo kulifanya.