Chumba Chekundu: uvumi uliozaa mchezo

Juni 2016, mchezo wa kompyuta uitwao Welcome to the Game ulianza kuuzwa kwenye duka la Steam. Mtengenezaji wake ni Adam Flatau wa Reflect Studios. Hauna bunduki wala zimwi. Mchezaji anaketi usiku mbele ya kompyuta, akisaka anwani ya Chumba Chekundu, mahali pa siri mtandaoni ambako, kwa mujibu wa uvumi, watu hulipa ili watazame binadamu akiteswa hadi kufa.

Uvumi huo haukuota hewani. Katikati ya miaka ya 1990, Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag, watafiti wa maabara ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, walibuni njia ya kuficha nani anawasiliana na nani. Ujumbe hufungwa kwa matabaka kama kitunguu. Kila kituo unachopitia humenya tabaka moja tu, kisijue safari nzima. Hapo ndipo ilipotoka programu ya Tor, iliyoanza kutumika 2002. Hadi leo inawakinga waandishi wa habari na watu wanaoandamwa na serikali zao.

Wahalifu nao waliingia. Mwaka 2011 Ross Ulbricht alifungua humo Silk Road, soko la dawa za kulevya lililotumia Bitcoin. Oktoba 2013 FBI walimkamata ndani ya maktaba ya umma San Francisco, kompyuta yake ikiwa wazi. Kesi yake ilivuma duniani, na watu ambao hawajawahi kuifungua Tor wakaanza kusimuliana yaliyomo.

Mwaka 2015 chaneli moja ya YouTube ilionyesha Sad Satan, mchezo wa korido za giza na sauti za kutisha, ikidai umetoka ndani ya Tor. Madai hayo hayakuthibitishwa. Chumba Chekundu nacho hakijapata kuthibitishwa, na Tor, kwa jinsi inavyozungusha data, ni nzito kwa video ya moja kwa moja.

Flatau aliuchukua uvumi huo akaugeuza kazi ya kuchosha, na hapo ndipo penye ustadi wake. Anwani imekatwa vipande vinane vilivyofichwa kwenye kurasa, vingine ndani ya msimbo wa kurasa hizo. Kuna tovuti zinazofunguka dakika fulani tu za saa. Wadukuzi huvamia ghafla, na fumbo lao lazima liteguliwe upesi. Wakati macho yamenasa kwenye kioo, mtekaji anaikaribia nyumba. Anayesalimika ni yule anayesoma huku sikio likiwa mlangoni, aliye tayari kuacha kila kitu na kuzima taa.

Kasoro ya mchezo wa kwanza ni ya kimaadili: mchezaji anahatarisha maisha ili afike kwenye mateso ya mtu mwingine. Welcome to the Game II, wa 2018, ulirekebisha hilo. Mhusika wake, Clint Edwards, ni mwandishi wa habari anayetafuta namna ya kumwokoa msichana aitwaye Amalea. Hatari zimeongezeka: akikawia kwenye Wi-Fi moja polisi humnasa, na muuaji wa kukodiwa huja kufungua kitasa taratibu. Lakini sasa anayeinuka kwenda kusikiliza mlangoni, akijua muda unakwisha, anafanya hivyo kwa ajili ya mtu anayesubiri kuokolewa.