Picha Tisa Kutoka Chitete

Januari 2018 mjomba wangu alipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba yake, akanyoosha mkono wenye simu kuelekea angani, akasubiri. Chitete ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe, lakini wakati ule kwa upande wa kwao mtandao ulikuwa na sehemu zake. Hapa upo, ukisogea hatua tatu haupo. Kichuguu kile familia nzima ilikiita "ofisini". Ukimpigia mtu asipatikane, unaambiwa subiri, hajaenda ofisini.

Siku hiyo alikuwa ananitumia picha tisa kwa mpigo. Mahindi yake yalikuwa yamefika magotini na majani yalikuwa na matobo, mengine yamechanika kama nguo iliyoliwa na panya. Ndani ya moyo wa mhindi kulikuwa na uchafu unaofanana na unga wa mbao, na chini ya huo uchafu, kiwavi. Mimi nilikuwa chuoni, mwaka wa pili, na kwa mjomba mtu aliye chuoni anajua kila kitu. Ujumbe wake wa sauti ulisema, "Mpwa wangu, waonyeshe hao walimu wako. Nataka kujua huyu ni bungua au ni yule mgeni."

Yule mgeni alikuwa na jina tayari: kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Afrika alithibitishwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi mwa bara, na mwaka 2017 akaonekana mkoani Rukwa, yaani kwa majirani zetu kabisa. Bungua tunamjua tangu enzi za babu. Huyu mwingine hakuna aliyewahi kumwona, na kumtambua kwa hakika kunataka uangalie sehemu mbili za mwili wake. Kwenye paji la uso ana mistari myeupe inayochora herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa pembe nne, kama miguu ya meza. Picha moja haiwezi kuonyesha kichwa, mkia na uharibifu wa jani vyote kwa pamoja. Ndiyo maana mjomba alipiga tisa.

Zilifika tatu. Saa moja baadaye zikaingia mbili, halafu kimya mpaka kesho yake asubuhi. Mimi kwa haraka nikazifowadi zile tano kwa mtaalamu mmoja niliyepewa namba yake. Simu yake ilizipanga kama kigae kimoja cha picha nne, na ya tano ikajificha nyuma ya alama ya kujumlisha. Akaangalia kigae, akajibu: inaelekea ni bungua, tumieni dawa mliyozoea. Picha ya kichwa ilikuwa bado kwenye kichuguu Chitete.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na sioni kama mtaalamu alikosea kwa uzembe. Alijibu alichokiona. Swali lililonibaki ni jingine: ilikuwaje picha tisa zilizotumwa kwa pamoja zisifike kwa pamoja? Na zile zilizofika, mbona zilikuwa na ukungu hivyo? Kulijibu inabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja, na safari inaanzia hapohapo jirani.

Ukisimama Tunduma ukatazama ng'ambo, upande wa Nakonde, uko karibu na mahali palipokuwa na kituo cha Waingereza kilichoitwa Fife. Mwishoni mwa karne ya 19 waya wa telegrafu wa Cecil Rhodes, uliokusudiwa kuunganisha Cape na Cairo, ulipanda kutoka Nyasaland, ukapita Karonga, ukapita Fife, ukaelekea Abercorn, ambayo leo inaitwa Mbala. Mbele yake kulikuwa na koloni la Wajerumani, kwa hiyo mwaka 1899 Rhodes alikwenda mwenyewe Berlin kumwomba Kaizari ruhusa ya kupita. Akaipata. Waya ulifika Ujiji na hapo ukaishia. Cairo haukuiona, na Rhodes mwenyewe akafa mwaka 1902.

Kwenye waya ule kulipita nukta na vistari tu. Mpiga telegrafu hodari wa kawaida alituma kama maneno 20 kwa dakika, tuseme herufi 100. Nilijaribu kupiga hesabu kwa kujifurahisha. Chukua picha tisa za mjomba zikiwa zimeshabanwa na simu, kila moja kilobaiti 200, jumla megabaiti 1.8. Ukihesabu baiti moja kama herufi moja, bwana yule wa Fife angehitaji dakika 18,000. Hizo ni siku 12 na nusu, bila kulala na bila chai.

Lakini wazo la kutuma picha kwa waya lilikuwepo kabla hata waya haujafika kwetu. Mskoti Alexander Bain alipata hataza yake mwaka 1843. Padri Mwitalia Giovanni Caselli alifanikiwa kuanzisha huduma ya kweli kati ya Paris na Lyon mwaka 1865. Watu walituma michoro na sahihi zao. Mwaka 1907 Mjerumani Arthur Korn alituma picha ya kamera kutoka Berlin hadi Paris, akitumia madini ya seleniamu, ambayo hupitisha umeme zaidi yakipata mwanga. Wote walitumia ujanja uleule: huwezi kuitupa picha nzima kwenye waya, unaikata vistari vyembamba, unatuma kistari kimoja kimoja, na upande wa pili kuna mashine inayovipanga upya. Ikikosea mpangilio, uso wa mtu unatoka umepinda.

Huku kwetu picha zilisafiri kwa miguu, kwa posta na kwa basi. Rafiki zangu wengi wa mjini hawaamini nikiwaambia kwamba utotoni kwangu "kutuma picha nyingi kwa mpigo" kulikuwa ni bahasha. Unapiga mkanda wa picha 36, unaupeleka studio Tunduma kusafishwa, unarudi baada ya siku kadhaa, unaandika majina nyuma ya kila picha kwa kalamu, unampa kondakta bahasha na soda. Zilifika zote au hazikufika hata moja. Na zilifika kwa mpangilio uleule uliozifunga. Tuliposhika simu, hicho ndicho tulichopoteza bila kujua.

Simu zilianza kutuma picha polepole. Juni 1997 Mfaransa Philippe Kahn, akiwa hospitali Santa Cruz, California, aliunganisha kamera na simu yake akatuma picha ya binti yake aliyezaliwa muda huohuo kwa watu zaidi ya 2,000. Picha moja, watu wengi. Kinyume chake, picha nyingi kwa mtu mmoja, kulikawia zaidi kwa sababu ya uzito, na hapo anaingia mtu ambaye nadhani angestahili jina la mtaa katika kila mji wa Afrika Mashariki.

Nasir Ahmed alizaliwa Bangalore, India, akafundisha Kansas State, Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kutoka taasisi ya taifa ya sayansi ya huko ili ashughulikie hesabu fulani ya kubana picha. Akanyimwa, kama alivyosimulia baadaye, mmoja wa waliokagua ombi aliona wazo lenyewe ni rahisi mno. Akaendelea hivyohivyo, na mwaka 1974 yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakalichapisha katika makala fupi. Mwaka 1992 hesabu hiyo ikawa moyo wa JPEG, na leo karibu kila picha unayotumiwa na shangazi imepita mikononi mwake.

Inavyofanya kazi: picha inakatwa vigae vidogo, kila kigae pikseli 8 kwa 8. Kila kigae kinaelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi, mengine mapana na mengine membamba. Mawimbi mapana ndiyo rangi na vivuli vikubwa, membamba ndiyo nyuzi, nywele na mistari midogo. Jicho la mtu haliyajali sana haya membamba, kwa hiyo ndiyo yanayotupwa kwanza. Faili linapungua mara kumi, na wewe huoni tofauti ukiwa unaangalia picha ya harusi.

Kiwavi siyo harusi. Tupige hesabu tena. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Mjomba alipiga kwa umbali wa mkono, picha ikachukua kama sentimita 40 za shamba kwa upana. Hiyo ni pikseli 10 kwa kila milimita. Kichwa cha kiwavijeshi vamizi aliyekomaa kina upana wa karibu milimita 2.6, yaani pikseli 26. Hapo ile Y bado inasomeka. Programu za ujumbe nyingi hupunguza picha hadi kama pikseli 1,600 upande mrefu kabla ya kuituma. Sasa kichwa kimebaki na pikseli kumi na kidogo. Kigae kimoja cha JPEG na ukingo wake! Mstari mweupe ambao ndio utambulisho wote umekuwa wimbi jembamba ndani ya kigae kimoja, na mawimbi membamba, kama tulivyoona, ndiyo yanayotupwa.

Usikimbilie kuwalaumu walioandika programu, maana hesabu ya upande wa pili nayo ni kali. Picha tisa za asili, kila moja megabaiti 3, ni megabaiti 27. Mnara wa 2G ukikupa kilobiti 100 kwa sekunde, na hapo umebahatika, hizo ni dakika 36 umesimama juu ya kichuguu. Zikibanwa ni kama dakika mbili na nusu. Bando nalo je?

Na mpangilio? Picha unazozichagua pamoja hazifungwi kwenye bahasha moja. Kila moja ni faili lake, linakatwa pakiti zake, linapanda hadi seva, ndipo linashuka kwa mpokeaji. Tiki ya kwanza maana yake imefika seva, ya pili imefika kwenye simu. Picha nyepesi, kwa mfano ya anga na shamba tupu, inamaliza mapema. Nzito yenye vitu vingi vidogo inachelewa, na mtandao ukikatika katikati ndiyo inayobaki nyuma. Kwa hiyo ukungu wa bahati mbaya ni huu: picha yenye habari nyingi zaidi ndiyo yenye nafasi kubwa ya kutofika. "Albamu" unayoiona kwenye skrini inapangwa na simu tu, kwa ajili ya macho.

Mengi yamebadilika tangu nyaya za baharini zilipotua Dar es Salaam, SEACOM Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na mkongo wa taifa ukafuata barabara kuu hadi mpakani Tunduma. WhatsApp yenyewe ilizaliwa mwaka huohuo wa 2009. Kwanza iliruhusu picha 10 kwa mara moja, halafu 30, na Februari 2023 ikafika 100. Agosti 2023 ikaongeza kitufe cha HD.

Kwenye kilimo, hoja ya picha nyingi imepata namba zake. Watafiti wa IITA na wa Chuo Kikuu cha Penn State walitengeneza Nuru, programu inayokagua majani ya mhogo kwa kamera ya simu, bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2020, Nuru ilipatia kwa asilimia 65 ikionyeshwa jani moja. Maafisa ugani walipatia asilimia 40 hadi 58, wakulima 18 hadi 31. Ilipoonyeshwa majani sita ya mmea uleule, ikapanda hadi asilimia 74 hadi 88. Programu ileile, simu ileile. Kilichoongezeka ni picha.

Kule Chitete, picha ya kichwa iliingia siku ya pili. Kufikia hapo mjomba alikuwa ameshapuliza dawa ya zamani, na viwavi walikuwa wameshakua na kuzama ndani kabisa ya moyo wa mhindi, wamejifunika kwa uchafu wao, mahali ambapo dawa haiwafikii vizuri. Akapuliza tena, safari hii jioni, akielekeza kwenye moyo. Ekari mbili za upande wa mto hazikutoa kitu cha kupeleka sokoni. Zile za juu zilipona.

Siku hizi ana utaratibu wake, na hakufundishwa na mtu. Anaandika namba kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, 1 mpaka 8, anakiweka kando ya kila anachopiga pamoja na sarafu ya shilingi 200 ili nijue ukubwa. Anasogeza simu karibu mpaka kiwavi anajaa. Kisha anatuma kama hati, siyo kama picha, ili isibanwe. Ya kwanza huwa ni kipande cha boksi peke yake: "Zipo 8."

Juzi aliniandikia tena, safari hii ni nyanya. Nikamjibu, "Shikamoo mjomba, zimefika saba, namba 3 sijaiona." Akasema ngoja arudi ofisini.