Ithibati ya kozi za wasaidizi wa sheria: ina uzito gani?

Juma hili naandika nikiwa Ntimaru, Kuria Mashariki, mbali na bahari. Swali ninaloulizwa na vijana wa hapa ni lile lile la Likoni na Kisauni: chuo kisicho na ithibati, cheti chake cha usaidizi wa sheria kina kazi gani?

Kwa anayetaka ajira, kazi yake ni ndogo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inataka msaidizi wa sheria awe amesoma katika taasisi iliyoidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Hapo hajamaliza. Yeye mwenyewe anahitaji kutambuliwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na afanye kazi chini ya wakili au shirika lililoidhinishwa. Ni milango miwili, na vyuo vingi hutangaza kana kwamba ni mmoja.

Neno linalowaponza watu ni "tumesajiliwa". Umesajiliwa na nani? Hata kampuni ya kuuza mitumba imesajiliwa. Kibali cha vyuo vya ufundi nacho si leseni ya kufundisha sheria. Muulize mkuu wa chuo barua ya Baraza, usome jina la kozi yenyewe, kisha uwaulize Baraza wenyewe kabla ya kulipa karo. Chuo cha Sheria cha Kenya, kule Karen, kina stashahada ya fani hii. Anza kwa kuilinganisha na hiyo.

Lakini nisiwadharau waliopata mafunzo mafupi ya mashirika. Huku Kuria, likizo ya Disemba ndiyo majira ya kukeketa wasichana, ingawa sheria ya 2011 imeharamisha, na inchama, lile baraza la siri la wazee, lina sauti kubwa. Msichana akitoroka usiku, haulizi nani ana stashahada. Anahitaji mtu anayejua pa kumficha, anayejua kwamba fomu ya P3 ijazwe mapema, na atakayekataa kesi isizimwe kwa mbuzi wawili kabla ya kufika mahakama ya Kehancha. Mama aliyefunzwa siku tano anaweza hayo. Asichoweza ni kuomba kazi kwa cheti hicho, na mtu akimwambia anaweza, amemdanganya.

Na hata mwenye ithibati si wakili. Kuandika hati za kuuziana shamba kwa malipo ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, ijapokuwa sokoni utawaona wanaofanya hivyo mchana kweupe.

Kwa wenye jamaa Tarime: Tanzania Bara ina sheria yake ya 2017 na msajili wake, Zanzibar ina yake ya 2018. Cheti cha Kenya, hata kiwe halali namna gani, ukivuka nacho mpaka uliza upya.