Vazi la kuzamia
Vazi la kuzamia ni nguo ya mpira laini wa neopreni inayovaliwa na mzamiaji ili asipoteze joto haraka majini. Lilibuniwa na mwanafizikia Hugh Bradner wa Marekani mwaka 1952.

Maji huondoa joto mwilini haraka kuliko hewa takriban mara 25. Hivyo hata Ziwa Viktoria, lenye nyuzi 23 hadi 27 za selsiasi, humtetemesha mtu anayekaa ndani kwa muda mrefu, kama wazamiaji waokoaji wakati wa ajali ya MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara mwaka 2018.

Kwa maji ya nyuzi 24 na zaidi kwa kawaida hutumika unene wa milimita 3. Kwa nyuzi 18 hadi 24, milimita 5. Chini ya hapo, milimita 7 pamoja na kofia.

Vazi linalopwaya huruhusu maji baridi kuingia na kutoka, hata likiwa nene. Linalobana mno huzuia pumzi. Tena katika kina cha mita 10 viputo vya gesi ndani ya mpira husinyaa hadi nusu, hivyo anayezama zaidi huhitaji vazi nene zaidi.