Programu huria katika manispaa: mfano wa Munich

Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi: leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichungua, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Kwa manispaa (baladia, kama tulivyozoea kusema huku) faida yake si kuokoa ada za leseni tu. Inaziepusha ofisi za umma kufungwa na kampuni moja inayoamua lini programu zao zimepitwa na wakati.

Hilo ndilo lililoisukuma Munich, Ujerumani. Microsoft ilipokuwa inakaribia kuacha kuihudumia Windows NT 4, baraza la mji liliamua Mei 2003 kuhamishia kompyuta zipatazo 14,000 kwenye Linux. Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wakati huo, alikwenda mwenyewe kuonana na meya Christian Ude, asifanikiwe. Mradi ukaitwa LiMux.

Linux yenyewe haikuwa kazi ngumu kuliko zote. Manispaa ilikuwa na vitengo vya kompyuta 22, kila kimoja na utaratibu wake, pamoja na maelfu ya violezo vya barua na fomu vilivyotengenezwa kwa Microsoft Office. Kuhamia OpenOffice, na baadaye LibreOffice, kulimaanisha kuvipitia vyote. Mafundi wakaandika programu yao ya violezo, WollMux, nayo wakaitoa huria. (OpenOffice hiyohiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikatoka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice.)

Uhamaji ulikamilika mwisho wa 2013, kompyuta zikiwa karibu 15,000. Malalamiko hayakwisha: nyaraka kutoka ofisi za nje zilifunguka zimevurugika, na baadhi ya programu maalumu zilitaka Windows. Meya mpya wa 2014, Dieter Reiter, hakuupenda mradi. Novemba 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows.

Linux ilibebeshwa lawama isiyo yake yote. Washauri walioajiriwa na manispaa walieleza 2016 kuwa kikwazo kikubwa ni mpangilio wa idara za kompyuta, na kasoro hiyo haiondoki kwa kubadilisha programu. Mwaka 2020 vyama vilivyoshika baraza, Reiter akiwa bado meya, vikakubaliana kutumia programu huria kila inapowezekana.