Picha Haina Ulimi: Dar es Salaam ya Zamani na Majina Yake

Siku hizi picha za kale za Dar es Salaam zinapita mkono kwa mkono kama sinia la halua. Mtu huipata asubuhi kwa mwanawe aliye Muscat, adhuhuri akamtumia sahibu yake wa Tanga, na jioni imekwishafika Toronto. Kila aipokeaye huvuta pumzi ndefu na kusema, "Mji ulikuwa mji!" Sina ugomvi na pumzi hiyo, hata mimi huivuta. Ila nimefundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na mazoea ya darasani hunisukuma kuuliza: picha hii inasema nini, inanyamazia nini, na ni nani atakayeisemea?

Hoja yangu ni nyepesi kuitamka. Picha haina ulimi. Huonyesha ukuta, lakini haiwezi kutaja jina ambalo watu waliupa ukuta huo. Huonyesha umati, lakini haisemi nani ni mwana wa nani. Kazi hiyo ni ya maneno, na maneno hukaa vinywani mwa watu, nao watu hawakai milele.

Tuanze na picha iliyozagaa kuliko zote, ile ya sanamu la askari lililo katikati ya mji. Askari wa shaba ameinama kidogo, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Lilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na kibao chake kina maneno ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya maandishi ya Kiarabu. Lakini mahali hapo hapo palikuwa na sanamu jingine kabla yake: la Hermann von Wissmann, aliyepata kuwa gavana wa Kijerumani. Lilisimamishwa na Wajerumani, likaondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Mwenye picha zote mbili aweza kuziweka sambamba na kuona jinsi utawala ulivyobadilika.

Sasa sikilizeni kile ambacho picha hizo haziwezi kusema. Nilipokuwa mtoto, wakubwa wetu hawakuliita sanamu la askari. Waliliita sanamu la Bismini. Tulidhani Bismini ni jina la askari yule. Nilipokuwa mtu mzima na kusoma habari za Wissmann, sikio langu lilitambua lilikosikia jina hilo. Shaba ya Mjerumani ilishushwa na kuchukuliwa, lakini jina lake, likiwa limekwishavaa kanzu ya Kiswahili, lilibaki mahali pake na kumkalia Mwafrika wa shaba aliyewekwa badala yake. Hakuna kamera iliyonasa jambo hilo. Lilihifadhiwa na vinywa vya wauza kahawa na makuli wa bandarini.

Hata jina la mji lenyewe lina tabaka. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kujenga jumba lake na majengo mengine katika miaka ya 1860, alijenga kando ya kijiji kilichoitwa Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870 na kazi ikalala. Wajerumani waliingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapo makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Wasomi wangali wakibishana kama asili ya jina ni nyumba ya salama au bandari ya salama. Mimi napenda mabishano hayo yaendelee, kwa kuwa kila upande una picha yake: wa nyumba hutazama jumba la Sultani, wa bandari hutazama maji yaliyotulia nyuma ya mlango mwembamba wa bahari. Mzizima nalo halikufa. Limebaki katika majina ya shule, ya maduka na ya mashairi, kama jina la utotoni ambalo mtu huitwa na watu wa kwao tu.

Huja baadaye zile picha zinazotutoa machozi: barabara pana ya miaka ya 1950, miti imepandwa safu mbili, magari matatu, mpita njia mmoja mwenye kofia. Chini yake huandikwa kwamba zamani mji ulikuwa msafi na wenye nafasi. Naomba tusimame hapa kidogo. Mara nyingi barabara hiyo ni ile iliyoitwa Acacia Avenue, ikawa Independence Avenue, na leo ni Mtaa wa Samora. Ilikuwa na nafasi kwa sababu si kila mtu alikuwa na nafasi ya kuwapo. Kanuni za ujenzi zilizoanzishwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza ziliugawa mji kwa aina ya nyumba, na mgawanyo wa nyumba ukawa mgawanyo wa watu. Ndipo lugha ikazaa maneno matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Tazameni ufundi wake. Kiambishi cha mwanzo kinataja hali, kiambishi tamati kinataja mahali, na kati yao yamewekwa makabila ya watu kama bidhaa rafuni. Ramani nzima ya ukoloni imo katika silabi chache.

Na palipohitajika mpaka, pakaachwa uwanja mtupu: Mnazi Mmoja. Upande huu maduka ya Uhindini, upande ule nyumba za Kariakoo. Picha za juu zilizopigwa kutoka kwenye ndege huuonyesha uwanja huo kama ufa wa kijani kati ya mapaa. Mtoto wa leo huuona kama mahali pa kupumzikia, na ni vizuri auone hivyo; lakini apaswa kujua kwamba uwanja ule haukutokea kwa ajili ya mapumziko yake.

Kariakoo yenyewe ni somo la historia lililojificha ndani ya neno moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi walichokiita Carrier Corps. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibeba risasi na vyakula kwa vichwa na mabega, na wengi mno walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kambi ya kikosi hicho iliwekwa mahali hapo, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina lake kuwa Kariakoo. Kila siku makondakta huita "Kariakoo! Kariakoo!" na abiria hupanda bila kujua kwamba wanaitiwa kumbukumbu ya marehemu. Sanamu la shaba lina kibao kimoja; wapagazi wamewekewa kibao katika kinywa cha kila mwenye kwenda sokoni.

Soko lililo katika picha za rangi za miaka ya 1970, lenye paa la zege lililo kama miavuli mikubwa, lilibuniwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Moto ulipoliunguza Julai 2021, watu waliotafuta picha zake za zamani walikuwa wengi kuliko waliolitaja jina la msanifu wake. Nalitaja hapa kwa makusudi.

Nanyi washairi mna haki ya pekee katika albamu ya mji huu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitolewa Dar es Salaam, na kurasa zake za mashairi zilikuwa baraza ya malenga kutoka kila pembe. Na kama mtaiona picha ya Meya wa kwanza Mwafrika wa mji huu, fahamuni kwamba mnamtazama mmoja wenu. Huyo ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeshika umeya mwaka 1960, miaka sita baada ya kutoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, Dar es Salaam ilipewa hadhi ya jiji, na Mnara wa Saa ukajengwa kuwa ukumbusho. Wengi hupiga picha mnara huo. Wachache hukumbuka kwamba siku zile aliyehesabu mizani ya beti ndiye pia aliyekuwa amehesabu mapato ya mji.

Kuna na picha za usafiri, ambazo kwangu zina harufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwanachuo wa ualimu Chang'ombe. Kwenda mjini tulisubiri mabasi ya UDA, na hasa yale marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, yaliyojikunja katikati yalipopiga kona. Tuliyaita kumbakumba, kwa kuwa yalikumba kila aliyekuwa kituoni. Yaliposhindwa, tulipanda chai maharage, gari la mizigo lililotiwa mabao, abiria wakakaa wakitazamana kama waliomo hotelini wakingoja chai na maharage. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa, nauli ilikuwa sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala, neno lililotokana na dola, na wapiga debe wakaimba "Dala! Dala!" Nauli imebadilika mara nyingi, sarafu hiyo haipo tena mifukoni, lakini daladala limebaki katika kamusi. Kwa hiyo picha ya gari lile bila neno lake ni picha ya bati tu.

Nimesema ya mji. Sasa niseme ya nyumbani, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Marehemu mama yangu aliacha mkebe wa biskuti wenye picha thelathini na tano. Nyingi zilipigwa studio, mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua ambayo hatukuwa nayo Ilala. Wapiga picha wa kikoloni walituonyesha kama umati na kutuandika chini kwa neno moja. Studio ndiko wazee wetu walikojichagulia wenyewe namna ya kuonekana: saa imeelekezwa kwenye kamera, kiatu kimeng'arishwa, kanga imefungwa ili jina lake lisomeke. Katika picha moja ya mwaka 1958 mama amesimama na mwanamke mwingine, sare, na maneno ya kanga yamekatwa na mkunjo, yanasomeka nusu tu.

Miaka miwili iliyopita niliuchukua mkebe huo kwa shangazi yangu, wa mwisho wa rika lake. Tulikaa jioni mbili, mimi na penseli, yeye na miwani. Alitaja majina, nyumba, ndoa, na nani alihamia Morogoro kufuata kazi ya reli. Watu wengine aliwajua kwa majina ya utani tu, nami nikayaandika kama alivyoyatamka. Picha thelathini na moja zilipata majina. Nne alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hizi niachie, nitawakumbuka tu." Mwaka jana amefariki. Zile nne zimebaki kama zilivyokuwa, na mojawapo ni ile ya mama na mwenziwe wa sare. Alikuwa shoga yake? Wifi? Somo yake? Kanga iliyojua imekunjwa.

Nilipozirudisha picha hizo mkebeni niliandika ubeti huu, ambao malenga watausamehe wepesi wake:

Picha naishikilia, nyuma haina bayana,
Sura zanitazamia, majibu hazina tena,
Waliowajua pia, wamekwisha kuagana,
Andikeni nausia, yasipotee majina.

Wasia wenyewe ni wa vitendo. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, maana wino hupenya karatasi ukaharibu sura. Msitosheke na "Dar, zamani": andikeni mtaa kwa jina la wakati ule na la sasa, kama Kichwele iliyokuja kuwa Uhuru, au New Street iliyokuja kuwa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ulizeni ni nani aliyepiga picha, na nani alikuwa amesimama nje ya fremu. Waulizeni wazee mahali pale paliitwaje vinywani mwa watu, si ubaoni pa serikali. Na wanapotamka jina kwa namna msiyoizoea, msilisahihishe. Huenda ndani ya matamshi hayo amejificha Wissmann mwingine, au kikosi kizima cha wapagazi.

Wapigaji picha wengi wa siku zile walikuja na meli na kuondoka na meli. Sisi tuliobaki tumeachiwa sehemu ya kazi ambayo wao wasingeiweza. Mwenye mkebe kabatini, na mwenye shangazi aliye hai, basi asingoje Idi wala Krismasi kumtembelea. Achukue penseli, aende wiki hii.